Mfaransa ni Mluhya Aliyepotea Njia

Mfaransa ni Mluhya aliyepotea njia. Nimelisema hili matangani, nimelisema kwenye matatu ya Kisumu, nimelisema hata mbele ya chifu, na kila mara naambiwa nimeleweshwa na maji ya ugenini. Lakini mimi sisemi ya kusikia. Nilikaa Ufaransa kiangazi kizima, nikala walichokula, nikapanda walikopanda, na kila asubuhi nikaketi darasani kujifunza lugha yao pamoja na vijana wa rika la mpwa wangu. Nimerudi Kakamega na ushahidi. Atakayepinga, apinge baada ya kunisikiliza.

Chanzo cha safari yangu ni tumbili. Kazi yangu ni kuongoza watalii katika Msitu wa Kakamega, kipande cha mashariki kabisa cha ile misitu ya mvua iliyowahi kuungana na ya Kongo. Wageni wengi hufuata ndege, maana humu mna zaidi ya aina 300. Lakini kule kaskazini, kwenye msitu mdogo wa Kisere, yupo tumbili mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya chungwa anayeitwa De Brazza. Jina hilo ni la ukoo wa Pierre Savorgnan de Brazza, mzaliwa wa Italia aliyechukua uraia wa Ufaransa akaenda kuzunguka Afrika ya Kati katika karne ya 19. Siku hiyo nilikuwa na wageni wawili, mwalimu mstaafu na mkewe, kutoka mji wa Vichy. Tumbili alipojitokeza, mama alijiziba mdomo na mzee akavua kofia. Kisha mzee akaanza kumsemesha tumbili kwa Kifaransa, taratibu, kwa adabu zote. Tumbili akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Tulikuwa wanne pale, na nilihisi kwamba asiyeelewa ni mimi peke yangu.

Jioni mzee akaniambia kwa Kiingereza kwamba nyumbani kwake kuna chumba kitupu, na mjini kwao kuna chuo kinachofundisha wageni Kifaransa. Nije kiangazi nisome, nikirudi niwaongoze Wafaransa kwa lugha yao. Nikadhani ni maneno ya mgeni aliyefurahi. Mwaka uliofuata barua ya mwaliko ikafika, ina mihuri.

Nyumbani habari ilipokewa na Senje, shangazi yangu aliyenilea. Aliuliza swali moja tu.

"Huko wanakula nini?"

Kijana wa jirani, aliyekuwa amesoma Kifaransa sekondari, akanitangulia kujibu. "Konokono, Senje."

Senje hakusema neno. Aliingia jikoni akatoka na mfuko wa unga wa mahindi na kopo lililojaa kumbikumbi waliokaushwa. "Mtoto wetu hawezi kushindia wadudu," akasema, akinikabidhi kopo la kumbikumbi.

Kopo halikufika. Uwanja wa ndege wa Paris afisa wa forodha alilifungua, akachungulia, akaniuliza ni nini. Kifaransa changu chote wakati huo kilikuwa salamu na namna ya kuulizia stesheni, kwa hiyo nikamweleza kwa vitendo: nikachota mmoja, nikatafuna, nikatabasamu. Afisa alilifunga kopo polepole akaliweka mbali na mikono yangu, na kumbikumbi wa Senje wakawa mali ya serikali. Unga aliuacha upite. Nadhani alikuwa amepoteza hamu ya kuuliza.

Ushahidi wa kwanza wa undugu wetu niliukuta kwenye duka la jezi. Timu ya taifa ya Ufaransa imebandika jogoo kifuani. Sasa niambie, ni taifa gani lingelinganisha simba, tai, chui na faru, kisha likamchagua kuku? AFC Leopards, timu yetu wenyewe, ilikwenda kwa chui. KANU walimchukua jogoo, lakini wakamwingiza kwenye siasa akaharibika. Mfaransa peke yake ndiye aliyemweka kuku mahali pake panapostahili, juu ya moyo wa Kylian Mbappé. Nikamwonyesha mzee kwa kidole, nikamwambia, "Ingokho." Akarudia neno hilo bila taabu yoyote, nami nikaandika kwenye daftari langu: kesi imeanza vizuri.

Jumamosi akanipeleka sokoni, na huko nikakutana na kuku wa Bresse. Kuku huyu analindwa na sheria tangu mwaka 1957. Ana miguu ya buluu, manyoya meupe na kilemba chekundu, yaani amezaliwa amejifunga bendera ya taifa. Sheria inamhakikishia nafasi ya angalau mita za mraba 10 za kutembelea kwenye majani, na mguuni huvishwa pete yenye jina la mfugaji wake. Nilimtazama kwa wivu. Mimi nilikuwa nimezungushwa huku na huko na picha za pasipoti, cheti cha kuzaliwa na taarifa za benki, na huyu kuku kitambulisho alivalishwa bila kupanga foleni.

Kisha nikatajiwa bei. Nilifanya kile ambacho mtu yeyote wa soko la Kakamega angefanya: nikacheka, nikamgeuzia muuzaji mgongo, nikaanza kuondoka pole pole nikisubiri kuitwa. Nikapita kwenye jibini. Nikapita kwenye maua. Nikafika mlango wa nyuma wa soko, na hakuna aliyeniita. Ilinibidi nizunguke kwa njia ya samaki ili nimpate mzee, ambaye alikuwa amesimama palepale akidhani nimekwenda kutafuta choo.

Ushahidi wa pili ni salamu. Kwetu huwezi kuingia dukani ukasema "nipe sukari." Utaulizwa umelala wapi jana na nani aliyekulea. Kule nilimwona mtalii mmoja akiingia kwa mama wa mikate na kuomba mkate moja kwa moja. Mama yule akamsalimu, akatulia. Mtalii akarudia ombi lake. Mama akamsalimu tena kwa sauti ya juu zaidi, mikono kifuani, mkate uko nyuma yake na hautoki. Foleni nzima ilisubiri mpaka kijana wa watu alipoitikia salamu, na hapo mkate ukatoka pamoja na tabasamu. Nilimtazama mama yule nikamwona Senje kabisa, ila huyu alikuwa amevaa miwani.

Mambo yakawa magumu kidogo salamu zilipofika mashavuni. Sehemu zile watu hubusiana shavu hili na shavu lile, nami nikazoea, ingawa mwanzoni niliwagonga watu wengi pua. Lakini Jumapili moja mama mkwe wa mzee alikuja kula. Bibi wa miaka mingi, mwembamba, ana fimbo na lipstiki. Mzee alimlaki mlangoni, akambusu shavu la kulia, akambusu la kushoto, kisha akamshika kiuno akampandisha ngazi.

Msomaji wa Kakamega anaelewa hali niliyokuwa nayo. Kwa desturi yetu Waluhya wa Isukha, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono wala hawali meza moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja wao huingia majanini mpaka mwenzake apite. Nilitazama dari. Nikatazama picha ukutani. Nikasubiri mbingu zishuke. Hazikushuka, na badala yake bibi yule akanijia mimi na mashavu yake mawili, akaniuliza kama nimeizoea baridi. Ilikuwa Julai, nyuzi joto 34.

Hapo nilikiri moyoni kwamba njiani, katika kule kupotea kwao, kuna mizigo waliidondosha.

Lakini maji yalinirudisha kwenye imani. Vichy ni mji wa chemchemi. Napoleon III alikuwa akienda kujitibu huko miaka ya 1860 na akaupamba kwa bustani na majumba, na mwaka 2021 UNESCO iliuweka mji huo kwenye urithi wa dunia pamoja na miji mingine 10 ya Ulaya yenye maji ya tiba. Watu hutoka mbali, wengine wakiwa na cheti cha daktari kinachotaja wanywe kiasi gani na saa ngapi. Mzee alinipeleka kwenye ukumbi wa vioo, akanijazia glasi, akasimama kando akinisubiri nishangae.

Nikaonja. Nikaonja tena. Ladha hiyo naijua tangu sijaota meno: ni maji ya kupikia mrenda.

Na sikukosea, maana maji ya Vichy yamejaa bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa tumbo moja na magadi. Kwetu tunachoma maganda ya maharagwe, tunachuja majivu yake, tunapata musherekha, na huo ndio unaolainisha mboga mpaka ikateleza kooni yenyewe. Wafaransa chumvi ya namna hiyo wanaipata bure kutoka ardhini, na wanaipa glasi badala ya sufuria. Nilimweleza mzee. Akanyamaza, akatazama glasi yake, akasema, "Mboga ya aina gani?" Nikajua ni mtu wetu.

Kutoka hapo nilimletea Senje zile peremende nyeupe za Vichy zenye pembe nane, zinazotengenezwa kwa chumvi za chemchemi hizo tangu mwaka 1825. Nikamweleza habari ya magadi yaliyomo. Jioni ile ile akatumbukiza moja kwenye sufuria ya mrenda. Ulilainika vizuri sana, na nyumba nzima ikanukia dawa ya meno kwa siku kadhaa.

Ni maji hayohayo yaliyonifikisha kwenye aibu ya mkate. Sisi Waisukha na jirani zetu Waidakho tumeumbwa na midomo isiyopatana na herufi b. Ikitoka mdomoni huwa tayari imegeuka p, na Wakenya wenzetu wamejichekea kwa gharama yetu tangu uhuru. Katika Kifaransa, herufi hiyo ndiyo inayotenganisha bafu na mkate. Nilifika mapokezi ya nyumba moja ya maji ya tiba, nikasalimu vizuri, nikaomba nilichotaka. Binti wa mapokezi akanisikiliza kwa huruma, akanishika mkono hadi dirishani, akanionyesha duka la mikate ng'ambo ya barabara. Nikarudia ombi langu kwa nguvu zaidi. Naye akanionyesha duka kwa nguvu zaidi. Nikavuka barabara nikanunua mkate, kwa kuwa mtu akielekezwa mara mbili na akakataa kwenda anaonekana ana kiburi, kisha nikarudi nao kujaribu tena. Binti aliponiona na mkate mkononi alinipigia makofi.

Kesho yake nilimsimulia mwalimu wetu darasani. Alinifundisha kushika koo nilitamke neno hadi nisikie koo likitetemeka. Mwanafunzi kutoka Korea, aliyekuwa na taabu zake na herufi hiyo, akajiunga nami, na kwa muda mrefu wa asubuhi ile tulikaa tumeshika makoo tukitazamana. Mtu aliyepita dirishani alifungua mlango kuuliza kama tunahitaji daktari.

Sasa twende mezani, maana kesi hii huko ndiko inakoamuliwa.

Shida ya kwanza ilikuwa jua. Mama mwenye nyumba aliniambia chakula ni saa mbili na nusu usiku. Kakamega saa moja jioni jua limeshazama, mwaka mzima, na kuku wako kwenye banda. Kule Julai jua huzama baada ya saa tatu usiku. Nikakaa chumbani nikisubiri usiku uingie ili nishuke kula, na usiku hauingii, huku nasikia vijiko vikigongana chini. Mama alipopanda kuniita alinikuta nimekaa kitandani na viatu, natazama dirishani, na sikuwa na Kifaransa cha kumweleza kwamba namsubiri Mungu azime taa.

Shida ya pili ilikuwa kujua chakula kimeanza lini na kitaisha lini. Siku ya kwanza waliweka mezani chakula cha mkoa wao wa Auvergne, mkate wa kuokwa uliojazwa viazi na krimu. Mtoto wa Senje anajua kwamba kuacha chakula cha wenyeji ni tusi, kwa hiyo nikala kipande changu, nikaongezwa, nikala, nikaongezwa. Nilipoegemea kiti kwa furaha ya mtu aliyemaliza, nyama ikaingia. Baada ya nyama, majani. Baada ya majani, jibini: Saint-Nectaire yenye ganda la kijivu, na ile ya buluu ya Auvergne ambayo ina ukungu ndani kwa makusudi. Baada ya jibini, kitindamlo. Mlo wa namna hiyo UNESCO waliutambua mwaka 2010 kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu, na mkate wao mrefu nao ukaingia orodha hiyo mwaka 2022. Mimi niliutambua urithi huo usiku kucha, nikiwa nimelala chali.

Lakini hebu tazama wanachofanya wakati wa kula. Wanazungumza juu ya chakula. Wakila kuku wanajadili kuku waliyemla mwaka juzi, nani alimpika, chumvi ilizidi au ilipungua. Kabla ya kuondoka mezani wanapanga watakachokula kesho. Nimekulia katika mazungumzo hayohayo, chini ya mwembe, kila Desemba watu wa Nairobi wanaporudi nyumbani. Na matumbo wanakula! Huko Auvergne wanayafunga matumbo ya kondoo kwa uzi, wanayapika na kwato mpaka yanakuwa laini. Wanafunzi wenzangu Wajerumani waliyatazama kwa majonzi. Mimi niliomba sahani yao.

Ushahidi mzito kuliko wote ulinijia mkahawani. Darasa zima tulikuwa tumetoka kula mchana, na msichana mmoja wa Kolombia, hajafika hata miaka ishirini, akaagiza saladi. Ikaletwa. Juu ya majani yale walikuwa wamemwaga firigisi.

Naomba msomaji asiye wa huku anivumilie nieleze. Kuku ana firigisi moja. Katika boma la Mluhya ina mwenyewe mmoja, naye ni baba wa nyumba. Ndoa zimeyumba kwa sababu ya firigisi iliyopotea njiani kutoka jikoni. Watoto wamechunguzwa meno. Na hapa, mbele ya msichana aliyevaa kaptura, palikuwa na rundo la firigisi zilizokaangwa, wazee wa ukoo mzima kwenye sahani moja. Alikuwa akizisogeza kando kwa uma atafute nyanya. Nikajikuta nimesimama. Wenzangu wakadhani nataka kuhutubia. Yule binti akaniuliza kama nataka kuonja, akanisogezea sahani yote, kwa kuwa yeye, alisema, hapendi sana vitu vigumu.

Nilikula nikitazama mlango, kama kuna mjomba atakayeingia.

Siku za mapumziko mzee alinitembeza. Fahari ya mkoa wao ni Puy de Dôme, mlima wa volkano iliyozimika, ulio juu ya jiji la Clermont-Ferrand. Tangu mwaka 2012 kuna treni inayopanda mpaka kileleni, na mwaka 2018 safu yote ya volkano za huko iliingia kwenye urithi wa dunia. Tulipanda. Abiria walikuwa wakivuta pumzi kwa sauti, mama akanifunga skafu, mzee akanishika bega akaniuliza kama kichwa kinaniuma kwa sababu ya urefu. Kileleni palikuwa na kibao: mita 1,465.

Sikutaka kusema kitu, lakini aliniuliza mara ya pili. Nikamwambia kwamba stendi ya matatu ya Kakamega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Kwamba wachuuzi wa karanga wa kwetu wako juu kuliko hapa, na hawajafunga skafu. Kwamba kwa kupanda mlima wake, mimi bado nilikuwa nimeteremka. Mzee akatoa simu akatafuta. Akaonyesha mkewe. Treni ya kurudi ilikuwa na ukimya mwingi.

Alipopata nguvu za kuongea alinisimulia habari ya Blaise Pascal, mwanahisabati aliyezaliwa Clermont mwaka 1623. Pascal alitaka kujua kama uzito wa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda juu. Mwenyewe alikuwa Paris. Basi akamwandikia mume wa dada yake, Florin Périer, akimwagiza apande Puy de Dôme na mirija ya zebaki. Septemba mwaka 1648 shemeji akapanda na kupima, na zebaki ikashuka kweli, chini kuliko ilivyokuwa bondeni. Mpaka leo utukufu ni wa Pascal.

Nilimwomba mzee arudie, kwa furaha. Mwanamume akishaoa dada yako, kwetu, deni lake haliishi. Ng'ombe wa mahari wakimalizika utamwomba nauli, nauli ikimalizika utamwomba karo, na siku ambayo hana kitu unamtuma mlimani na zebaki. Pascal alikuwa Mwisukha. Sihitaji vipimo vya damu.

Tarehe 14 Julai, sikukuu yao ya taifa, fataki zililipuka juu ya mto Allier na wazimamoto wakaandaa dansi, maana huko ndio desturi, anayezima moto ndiye anayewasha muziki. Palikuwa na mzee wa kodiani. Nikavumilia nyimbo chache, kisha mikono ikaanza kuniwasha. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, nayo iko UNESCO tangu mwaka 2014, ila sisi tumewekwa kwenye orodha ya vinavyohitaji kuokolewa haraka. Nikaona hapa pana wazimamoto, pengine ndio wa kuokoa. Nikageuza meza ya plastiki kuwa ngoma, nikapiga, mabega yakaitika. Mzee wa kodiani alinifuata bila woga. Wazimamoto watatu wakatingisha mabega kwa namna ambayo ingewapatia mke kwetu Shinyalu. Kisha mguu mmoja wa meza ukaondoka, meza ikanifuata, na wale wanaume waliosomea uokoaji wakasimama wakicheka hadi wimbo ukaisha.

Nisiwafiche, kuna mahali undugu wetu ulikwama. Mzee wa jirani alikuwa akinisalimu kila siku kwa bashasha, na mimi nikaona si heshima kumaliza kiangazi bila kuingia kwake. Mchana mmoja nikabisha hodi. Akafungua, kitambaa cha kulia shingoni, uma mkononi. Kwetu mgeni akikuta watu wanakula huambiwa mama mkwe wake anampenda, akasogezewa kiti. Huyu aliniuliza kuna moto wapi. Nikamwambia hakuna moto. Akauliza nani amefariki. Nikamwambia wote wazima, nimekuja tu. Akatafakari jibu hilo, uma ukiwa hewani. Kisha akaingia ndani akatoka na daftari, akanipangia Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa moja jioni.

Alhamisi nikaenda. Alikuwa amechinja, ameoka, amechimbua chupa ya divai iliyonizidi umri kidogo tu, na alinikalisha mpaka usiku wa manane akinionyesha picha za ng'ombe wa babake, mmoja mmoja, kwa majina. Roho ya Kiluhya anayo yote. Imefungiwa tu kwenye kalenda.

Na sasa wanakuja. Mzee na mkewe wameandika kwamba watafika Kakamega Januari ijayo, mvua zikiwa zimepungua, na wameuliza mapema yote haya chakula cha mchana ni saa ngapi. Boma letu limeunda kamati. Ratiba ilipita upesi: msitu alfajiri, Jiwe la Ilesi linalolia, fahali wa Khayega wakipigana wao kwa wao, ili wageni waone namna watu wenye akili wanavyokaa pembeni. Senje akasema atapika ingokho na mrenda, na atatayarisha kopo jingine la kumbikumbi, safari hii pasipo forodha.

Kisha nikasoma mstari wa mwisho wa barua: wanakuja na mama mkwe.

Kikao kilinyamaza. Mzee mmoja akauliza kama ni kweli yale niliyosimulia, ya mashavu. Nikasema ni kweli. Mwingine akapendekeza mahema mawili. Mwingine akasema wabusiane ndani ya gari, kabla ya kuvuka lango, na vioo vipandishwe. Mimi nikapewa kazi ya kuwaandikia haya yote kwa Kifaransa, na kila nikianza barua hiyo lugha inanitoroka kuanzia aya ya pili.

Ni mjomba aliyepata ufumbuzi, baada ya chai ya pili. Bibi apewe firigisi, akasema. Anayekula firigisi ndiye mkuu wa boma, na mkuu wa boma ni baba wa watu wote. Baba mtu anaweza kusalimiwa na yeyote, shavu lolote, hadharani. Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mwenyekiti akachukua kalamu aandike.

Senje, ambaye amepika kuku wa boma hili tangu sijazaliwa na hajawahi kuonja firigisi hata moja, alikuwa amesimama mlangoni na birika.

"Kwa hiyo," akauliza, "mwanamke anaweza?"

Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akatazama saa, akaahirisha kikao.